Nilidhani ni Orlane

Ngagara, Kartie ya Sita,
Bujumbura.
Jumatano, baada ya mvua.

Kwako Dada Pascaline,

Salamu nyingi zikufikie huko Kigoma, wewe na shemeji na watoto, na zikukute mkiwa wazima. Goti linaendeleaje? Akilimali wa basi aliporudi safari ya mwisho alisema umeanza kuchechemea kama marehemu mama, na ukiambiwa uende hospitali unajibu kama marehemu mama vilevile. Nenda hospitali, dada, usitutie hofu. Sisi huku hatujambo. Wifi yako Ingrid anakusalimu sana, na anasema ule mchele uliomtumia umemharibu, sasa hataki tena kula wa hapa. Petroli bado inatafutwa kwa tochi, kwa hiyo mdogo wako, "mume mdogo" unavyopenda kuniita kwa utani, anatembea kwa miguu mpaka kazini na tumbo limeanza kupungua.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati kila siku tunatumiana picha za chakula kwenye simu. Nimejaribu kukuandikia kwa simu. Naandika, nasoma, nafuta. Simu ina ubaya huo, inampa mtu nafasi ya kujirudi. Karatasi nikishamkabidhi Akilimali imekwenda. Basi lake linaondoka kesho asubuhi na mimi si mtu wa kukimbiza basi. Najua baadhi ya haya unayajua kuliko mimi, lakini naomba uniache niyaeleze kama yalivyonipata. Usome mpaka mwisho, hata pale nitakapokuudhi.

Nianze na Orlane. Niseme tu wazi kwamba namwonea wivu, na si wivu wa jana. Unamjua, ni yule binti mrefu mwenye mama wa Uvira kama sisi, aliyenijia miaka ile akitaka nimsahihishie hadithi zake. Nilizisahihisha. Nilimfundisha kukata maneno, nikamfundisha kutomaliza kila hadithi kwa harusi. Sasa yeye ndiye anayealikwa Kigali, yeye ndiye anayesoma redioni, na watu wakinikuta njiani wananiuliza habari za Orlane kabla ya kuniuliza habari zangu. Mwaka huu mwalimu mmoja alinikaribisha shuleni kwake niongee na wanafunzi. Nilipofika nikakuta ubaoni wameandika jina la Orlane, wakalifuta haraka, wakaandika langu. Nilicheka pamoja nao. Nilipofika nyumbani sikula.

Sasa kikundi chetu. Tunakutana Jumamosi mchana, chumba cha nyuma cha maktaba ya parokia, na Consolate ndiye anayetuongoza. Kanuni yetu ni ya zamani, ya miaka ile ambayo mtu alikuwa akiogopa kusaini hata shairi la mapenzi. Andiko halina jina. Linawekwa sandukuni, Consolate analitoa bila kujua ni la nani, naye anampa mtu mwingine alisome mbele ya wote. Msomaji haruhusiwi kusema ni la nani, hata abanwe vipi. Maoni yakiisha, mwenye andiko akitaka anasimama, na asipotaka basi, linabaki hivyohivyo. Ni kanuni nzuri, ila siku hizi wengi wetu tunaichezea. Tunajisomea wenyewe huku tunajifanya tumetumwa, na kila mtu anajua, na kila mtu ananyamaza. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo.

Jumamosi iliyopita Orlane ndiye aliyesimama kusoma. Alizipanga karatasi mara mbili kabla ya kufungua mdomo. Nikajisemea moyoni, huyu anasoma lake. Kisha akaanza, na lilikuwa la Kiswahili. Sisi pale, dada, tunaandika Kifaransa ili tuonekane tumesoma, na Kirundi ili tuonekane hatujasahau kwetu. Kiswahili ni cha sokoni. Na hiki kilikuwa Kiswahili cha jikoni kwetu hasa, kile alichokuwa akitugombezea mama, kimenyooka, hakina hata neno moja la kujipamba. Niliona wivu kabla sijajua anasema nini.

Lilikuwa linasimulia siku za "ville morte", pale vijana walipofunga mji kwa mawe na fimbo na watu wakawa wanawindwa mtaa kwa mtaa kwa sababu ya kabila. Kuna nyumba moja Ngagara. Mama amekwenda Uvira kwenye msiba. Baba yuko na watoto wake wawili, mlango umefungwa, ni mchana lakini mapazia yameshushwa. Geti linagongwa. Sauti inaita jina la baba, na wote wanaijua, ni ya jirani, fundi wa redio, mwenye kidole gumba kilichoungua kwa kazi yake ya kuyeyusha risasi ya kuungia nyaya. Baba anawatazama watoto. Anawaambia waimbe. Waimbe wimbo wa kanisani, kwa nguvu, wote wawili, naye anaimba pamoja nao, na kila geti linapogongwa anapandisha sauti.

Nyumba ile ni yetu, dada. Unaijua. Ulikuwepo.

Nikamtazama Orlane na kuanza kutafuta kapataje. Nikakumbuka kwamba siku moja tulikwenda Ruziba na wenzetu, tukala samaki wa mukeke ufukweni, nikanywa kidogo, nikamwambia kuwa utotoni baba alipenda tuimbe wakati wa matatizo. Hilo tu. Nilimwambia ule wimbo, geti sikumwambia. Lakini wivu hauna haja ya ushahidi mwingi. Nikaona kwamba amechukua kauli yangu moja, akaichokonoa mpaka akaipata nyumba yetu, akaingia, akaketi sebuleni. Tena kilichoniuma zaidi hakikuwa wizi. Kilichoniuma ni kwamba ameandika vizuri. Nimehangaika na siku ile tangu nianze kushika kalamu na kila mara mkono unateleza.

Kitabu changu unakijua. Unajua kwamba katika kitabu changu baba anafungua. Anamwingiza jirani, anamficha juu ya dari, anamlisha mpaka hatari inapita. Ndicho kilichonipa jina. Ndicho padri alichokitaja siku ya kumzika baba, akasema tunamzika mtu aliyefungua, na mimi niliyekiandika nilikaa benchi la mbele nikiinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Wewe ulipokisoma uliniambia jalada ni zuri. Sikukuuliza zaidi na hukuongeza.

Basi Orlane alipofika mwisho wa ukurasa ule wa wimbo, Amélie, aliyesimuliwa na mama yake juu ya kile kidole gumba, akasimama. Huenda humkumbuki, siku zile alikuwa mtoto wa mgongoni. Ni binti wa Jovithe, yule jirani yetu fundi wa redio, ambaye hakuonekana tena tangu siku ile. Sasa ni muuguzi, anakaa Gasenyi, na yeye haandiki, anakuja kikundini kusikiliza tu. Alianza kuja kwa sababu ya kitabu changu. Aliwahi kuniambia kwamba anakipenda kwa sababu anatamani baba yake angekutana na geti la namna ile. Mama yake ameishi na swali hilohilo mpaka amekufa: je, mume wake alikamatwa njiani, au kuna mahali alifika akakataliwa? Amélie alisimama, hakulia, akauliza kwa sauti ya chini, "Uyu fundi ni baba yangu? Semeni kweli, ni baba yangu?"

Hapo ndipo mdogo wako alipoinuka. Kanuni inasema msomaji hakatizwi. Nilimkatiza. Nilisema mimi nilikulia mtaa ule, nilikuwepo siku ile, na hakuna aliyegonga geti letu. Nilisema kama angegonga, kila mtu aliyesoma kitabu changu anajua baba yangu angefanya nini. Nilisema kuna watu wana kiu ya sifa mpaka wanachimba makaburi ya wenzao. Nilikuwa namtazama Orlane nilipokuwa nasema hivyo. Watu wakapiga makofi, dada. Walimpigia baba makofi, na mimi nilipokea kwa niaba yake.

Consolate aliomba mwenye andiko asimame. Hakusimama mtu. Wote wakamgeukia Orlane, na yeye akasema neno moja tu, "Mi ni musomaji." Akarudia, "Mi ni musomaji tu." Nani angemwamini? Mzee mmoja akamwambia ni aibu kucheza na wafu. Consolate akasema andiko litatolewa kwenye kitabu cha pamoja tunachokiandaa, na kwamba Orlane apumzike kidogo, asije kwa muda. Orlane akakusanya vitu vyake. Alipopita karibu yangu aliziweka zile karatasi juu ya kiti changu, na ukurasa ambao hakuusoma ulikuwa juu. Amélie alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kunishukuru kwa kumwondolea wasiwasi.

Usidhani nilijuta. Nilikuwa na furaha, na siifichi. Nilipita kununua mishikaki, nikamchekesha Ingrid, nikamwambia kuna mtu leo ameshushwa ngazi. Kisha nikakaa uani na kalamu nyekundu, jua bado lipo, nikachukua zile karatasi ili nizitafutie makosa. Nilitaka niyapeleke kwa Consolate makosa hayo yamepangwa vizuri. Nikafika kwenye ule ukurasa ambao haukusomwa.

Mtoto mmoja anaacha kuimba. Anasema maharage yanaungua, anakwenda jikoni. Anapita mlango wa nyuma, anazunguka, anafika getini. Geti lina tundu pale kutu ilipokula. Anaweka mdomo kwenye tundu na kusema baba anaogopa lakini yeye atafungua. Tayari ameshika komeo. Jovithe anainama, anaangalia ndani, anamwona ni mtoto. Anamuuliza wako wangapi ndani. Anasikia ule wimbo. Kisha anasema, nanakili kama ilivyoandikwa: "Apana, mutoto yangu. Achana na komeo. Rudi mu nyumba, imba na benzako, usiache mupaka nifike mbali." Anasikia vijana wanakuja upande wa juu wa barabara. Anaondoka kuelekea upande wa chini, anatembea, hakimbii, ili wasije wakajua ametokea geti gani. Mtoto anarudi ndani na kuimba kuliko wote.

Nilisoma nikaiweka kalamu chini. Orlane hakuwepo jikoni kwetu. Baba hakujua, mimi sikujua. Nakumbuka vizuri sana kwamba uliondoka ukasema maharage, na kwamba uliporudi uliimba mpaka mshipa wa shingo ukasimama, na mimi nikakuonea wivu hata siku ile, kwa sababu baba alikupapasa kichwa. Ni wewe, dada. Wewe unayeuza mawese Kigoma, ambaye sijawahi kukuona umeshika kalamu ila kuandika ujumbe wa Krismasi.

Sasa nitakuudhi. Wivu wangu haukuisha pale, ulihama tu. Ulitoka kwa Orlane ukaja kwako, na ulipofika kwako ukawa mkubwa zaidi. Mimi ndiye mwandishi wa nyumba ile. Nilisomeshwa, wewe uliachishwa shule ili mimi nisome, na katika mambo yote ambayo ningeweza kuyavumilia sikutegemea hili, kwamba ungeandika, na ungeandika vizuri kunishinda mimi. Tena miaka yote hii ulikuwa na maneno ya mwisho ya Jovithe, umeyakunja ndani yako, na mimi nilikuwa na wimbo tu. Nilikuwa nahangaika kumtunga mtu anayefungua geti, kumbe nilikuwa nakula naye sahani moja. Nikajiuliza kwa nini hukunitumia mimi, ukampitishia Orlane, ambaye nadhani mlijuana alipokuja huko kufundisha wanawake wa sokoni kuandika. Jibu ninalo. Ningekuambia ni zuri, dada, niachie nilifanyie kazi, na lingekufa mikononi mwangu. Nilikukasirikia kwa sababu ulikuwa unanijua.

Lakini nilielewa na jambo jingine pale uani. Ningemwacha Orlane amalize, Amélie angeyasikia maneno ya baba yake. Angejua kwamba alifika mahali, kwamba kuna mtoto alitaka kumfungulia, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekataa ili asituponze. Swali la mama yake lilikuwa na jibu, lilikuwa karatasi moja mbele, na mimi nililikanyaga ili Orlane asipigiwe makofi. Jumapili baada ya misa nikazichukua zile karatasi nikaenda Gasenyi.

Amélie alinikaribisha, akaniwekea Fanta. Nikamwambia kwamba jana nilisema uongo mbele ya watu. Geti letu liligongwa, baba hakufungua, na niliimba. Nilimwambia kwamba baba wa kitabuni nilimtunga kwa sababu huyu wa kweli nilimpenda na sikujua nimfanyie nini. Hakunifukuza. Akasema nisome. Nikamsomea lote, kwa Kiswahili chako, polepole, na nilipofika pale Jovithe anaposema achana na komeo, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba tena. Kisha akalirudia yeye mwenyewe kwa sauti, na nikasikia jinsi baba yake alivyokuwa anaongea, kwa maana wanaongea sawasawa. Akalia sana. Nililia pia.

Sasa nafika mahali ambapo simu ilinishinda.

Alipojifuta machozi alinitazama usoni kwa muda mrefu. Andiko lako halikutaja jina la yule mtoto, wala la aliyeandika. Akanishika kichwa kwa mikono yake, kama wanavyoshikwa watoto, akasema, "Kumbe ni we. Ni we uliongea na baba mara ya mwisho. Na ukaogopa kusema mbele ya watu, ukaona heri ukatae." Akasema hili linapita kitabu changu kwa mbali, kwamba sasa ndipo nimeandika. Mke wangu hajawahi kunitazama vile, dada. Padri hakunitazama vile. Maisha yangu yote nimeandika ili mtu mmoja anitazame vile.

Sikusema hapana. Nilikuwa nimetoka tu kuungama uongo mmoja, mdomo ulikuwa bado umefunguka, na nikauacha mwingine uingie. Nilimalizia Fanta yangu.

Jioni ileile Amélie alimpigia Consolate. Consolate akanipigia akinililia, anaomba msamaha, anasema sasa anaelewa kwa nini nilipandwa na hasira, kwamba ni uchungu wa mtu kusikia lake likisomwa. Andiko limerudishwa kwenye kitabu. Wamelipa ukurasa wa kwanza, na chini yake wameweka jina langu. Jumamosi hii Amélie ataleta wajomba zake kutoka mkoani waje kunisikia nikilisoma, na wiki inayofuata kitabu kinakwenda kwa mchapaji. Orlane anajua kila kitu. Hajanipigia, hajamwambia mtu. Wamemwita arudi kikundini na amekataa kwa upole. Msomaji hasemi ni la nani, na yeye anaishika kanuni ileile ambayo mimi nimejificha nyuma yake. Anayeweza kusema ni mwenye andiko peke yake.

Nimejiahidi kwamba Jumamosi nitasimama na kulitaja jina lako. Tangu Jumapili nimejiahidi kila asubuhi, na kila Amélie anaponipigia kuniuliza nimeamkaje, namjibu vizuri, napokea baraka zake, nakata simu. Sijiamini, Pascaline. Najua nitafika pale, nitawaona wale wajomba wamevaa makoti, na nitasoma kwa sauti nzuri sana.

Kwa hiyo namba ya Amélie nimekuandikia nyuma ya ukurasa huu. Akilimali atakufikishia barua kesho jioni. Ukimaliza kusoma, mpigie. Usinipigie mimi kwanza, maana nitakubembeleza, nawe utanihurumia kama ulivyozoea, utasema basi, mdogo wangu, chukua. Mpigie yeye. Mwambie ulikuwa na umri gani, komeo lilikuwa la baridi au la moto, na yote mengine ambayo mimi nisingeweza kuyajua.

Nawe umsalimie shemeji, na Lisette mwambie mjomba ameziona alama zake na anafurahi. Ingrid anakutumia kitenge, Akilimali atakupa pamoja na hii. Mungu akulinde na akuponye goti.

Mdogo wako anayekupenda, na kukuonea wivu,

Maxime